Maneno Uliyoyalainisha Jumapili

Rehema mwanangu,

Umeondoka kwenda Ujiji kumuaga shangazi yako ukiwa umejifunga kitenge changu kipya bila kuniomba, nami nimekuona nikanyamaza. Kivae tu. Salamu ndefu za barua sina haja nazo kwa mtu niliyemgombeza asubuhi hii hii kwa sababu ya begi. Afya yako naijua na yangu unaijua. Limebaki hili la moyoni, ambalo tangu Jumapili nimeshindwa kukuambia uso kwa uso.

Nimekaa mezani, nikainuka, nikaenda kuangalia maharage ambayo hayahitaji kuangaliwa. Nimefagia ua uliokwisha kufagiwa. Jirani amechungulia juu ya ukuta akaniuliza, "Mama Rehema, umepoteza nini?" Nikamwambia natafuta kifuniko cha sufuria, naye akacheka kwa sababu nilikuwa nimekishika mkononi. Alasiri imeshaadhiniwa. Utarudi baada ya magharibi, na kabla hujafungua mlango nataka karatasi hizi ziwe juu ya mto wako. Uzisome leo hii. Ukizisoma kesho kwenye boti utakuwa umechelewa.

Habari za kuchemsha maji, za kufunga mlango na za kutotembea ovyo sitaandika. Wewe ni mtu mzima, na Kalemie watu wanakula, wanaoga na kulala kama sisi. Kazi unayokwenda kuifanya nimeiombea dua mwenyewe. Tangu tulipoanza kuzungumza na akina mama wa ng'ambo nilikuwa nasema siku moja vikundi vyetu na vyao viwe kitu kimoja, sisi wakausha dagaa wa Kibirizi, wakulima wa michikichi wa Simbo, na wao wa Kalemie, Kongo, na awepo mtu wetu wa kukaa kwao na kuunganisha. Sikujua kwamba nikisema "mtu wetu" nilikuwa nakutaja wewe. Mdomo huponza kichwa, waliosema hawakukosea.

Sasa turudi Jumapili.

Kikao kilikuwa kwenye banda letu la umoja pale Kibirizi. Mama Furaha na wenzake wa Kalemie tuliwapa viti, sisi tukakaa mikekani. Mama Gwimo akasimama. Unamfahamu, mwenyekiti wa Simbo, kama ana jambo dogo atalisema kwa Kiswahili cha sokoni huku anacheka, lakini jambo zito lazima aliseme kwa Kiha. Akasema kwa Kiha, nawe ukasimama kati yake na wageni ili utafsiri. Alichosema nimekishika neno kwa neno. Alisema:

"Waambie wageni hawa. Mara iliyopita walikuja na mfadhili wao, wakapiga picha na mafuta yetu, wakaenda zao, na kazi ikatangazwa kuwa ya kwao. Mtoto huyu tunawapa kwa sharti. Kabla ya mvua za kwanza waje Simbo, walale kwetu, washike jembe na sisi, wakamue mawese na sisi, kisha na sisi tutakwenda kulala kwao. Wasipokuja, mtoto arudi nyumbani, na mimi na wenzangu katika umoja huu hatumo."

Wewe ukageuka kwa wageni, umetabasamu vizuri kama nilivyokufundisha, ukasema: "Mama anawashukuru kwa kututembelea tena. Anakumbuka mlivyokuja na mfadhili. Anasema mnakaribishwa Simbo siku yoyote mtakapopata nafasi."

Wageni wakapiga makofi. Mama Furaha akainuka kumkumbatia Mama Gwimo, akasema, "Aksanti sana, mama! Siku moja tutakuya!" Na Mama Gwimo akakumbatiwa, amesimama wima, mikono imening'inia.

Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai. Nilisikia maneno yaliyotoka na nikasikia yaliyofika, na katikati nikasikia yote uliyoyaacha njiani. Nikamimina chai. Nikamwuliza Mama Furaha kama anapenda sukari nyingi.

Nilijiambia kuna wageni. Nilijiambia boti yao ni Jumatano, si vizuri kuwaaga na maneno makali. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku ile mwenyeji hakupona, alifichwa ugonjwa. Maana fikiria yatakayotokea. Mvua zitakapokaribia Simbo watafagia nyumba na kungoja. Kalemie wataendelea na samaki wao, hawana habari kwamba wanangojwa. Simbo watasema, si tuliwaambia? Watu hawa wana dharau. Watajitoa. Kalemie watashangaa, watasema Waha wana visirani. Na wewe utakuwa umekaa katikati yao, kila upande ukikuita mwongo, ukiwa mbali na mimi kwa upana wote wa ziwa. Ndiyo maana nafagia ua mara mbili.

Usidhani nakulaumu. Nakuogopa, kwa sababu Jumapili nilijiona mwenyewe nimesimama pale, mwembamba kidogo na mwenye meno yote.

Unajua kwamba mimi ni mtoto wa pande mbili. Bibi yako alizaliwa Simbo, babu yako alikuwa mtu wa Ujiji, muuza nguo. Nyumbani nilisikia Kiha jikoni na Kiswahili sebuleni. Kwa hiyo vikundi vilipoanza kukaa pamoja, mimi ndiye niliyekuwa ulimi. Hakuna aliyenichagua. Bi Tatu, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa anatuongoza wakausha dagaa, alikuwa akinena kama mtu anayekata kuni. Mama Gwimo naye ulimi wake una pilipili, hajabadilika. Nami katikati nikawa nalainisha. Bi Tatu akisema, "Hawa wa shamba wamechelewa tena," mimi natafsiri, "Poleni na safari." Mama Gwimo akisema, "Hawa wanafikiri jua linachomoza Kibirizi," mimi nasema, "Mama anasifia mandhari." Watu wakacheka, wakala, wakaagana kwa kukumbatiana. Nikaenda nyumbani najiona mpatanishi mkubwa.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipenda. Nilipenda kuona pande zote mbili zinanigeukia mimi kabla ya kucheka. Wakati fulani nilishikwa na malaria, kikao kikaahirishwa kwa sababu sipo, nami nikiwa kitandani natetemeka nikafurahi. Nilidhani nimekuwa daraja. Kumbe nilikuwa mlango, na ufunguo niliuweka kifuani mwangu.

Ndipo ikaja mashine ya kukamua mawese. Mfadhili mmoja wa wakati ule aliitoa kwa umoja wote, akatuambia tuamue wenyewe ikae wapi. Ulikuwa mdogo, ulikuja nami siku ile, ulilala mgongoni kwa mwanamke wa Simbo mpaka kikao kikaisha. Bi Tatu akasema wazi, "Ikae hapa Kibirizi. Wale mashine wataijulia wapi? Wataiua kabla mwezi haujaandama." Mimi nikawaambia Simbo, "Wenzetu wana wasiwasi kuhusu fundi, huku mafundi wako karibu." Mama Gwimo akajibu kwa Kiha, na nakumbuka alivyokuwa akinitazama mimi wakati wote, "Michikichi iko kwetu. Mashine ikilala kwenu, tutabeba mikungu kichwani kuja kuwa wageni wa jasho letu. Afadhali tusiwe nayo." Nami nikageuka, nikawaambia wenzangu, "Wanasema wangependa iwe karibu nao, lakini wanatuachia sisi tuamue."

Wakapiga makofi, Rehema. Makofi yale yale ya Jumapili.

Mashine ikafungwa Kibirizi. Tukaipaka rangi, tukangoja mikungu ya chikichi kutoka Simbo. Haikuja. Wakaendelea kukanyaga mawese yao kwa miguu kama walivyofanya bibi zao. Bi Tatu akasema, si mnaona? Hawana shukrani. Nikapeleka ujumbe, nikajibiwa kwa adabu kwamba wana shughuli za shamba. Nikapeleka mwingine, wakasema kuna msiba. Mashine ikawa kichanja cha kuanikia nyavu. Baada ya muda Simbo hawakuja tena vikaoni, kisha na sisi wenyewe tukaanza kulaumiana, na umoja ukafa kimya kimya, bila hata mtu wa kuutangazia kifo. Miaka ile nilikuwa na jibu tayari kwa kila aliyeniuliza. Nilisema ni tofauti za tamaduni. Neno zuri sana lile, linamfaa mtu asiyetaka kujitazama.

Bibi yako alipofariki tulimzika kwao Simbo. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa jikoni, naona mtu amekaa kando yangu anamenya ndizi. Mama Gwimo. Nikamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye." Akanijibu kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wauzaji wengi wa mjini.

"Shikamoo yako naidai," akasema. "Mimi ni mkubwa wako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua nimeuza mihogo Kibirizi tangu hujaolewa?"

"Kwa hiyo vikaoni ulikuwa unasikia."

"Kila neno. La Bi Tatu nalisikia, la kwako nalisikia."

"Mbona hukusema kitu?"

Akaendelea kumenya ndizi. "Nilidhani ndivyo wenzako walivyokutuma. Nilidhani mmekaa mkakubaliana kwamba maneno yetu yasifike. Mtu akiamua asikusikie, utapiga kelele kwa nani? Bi Tatu alinitukana, sawa, tukana na mimi nikutukane, kesho tutacheka. Wewe ulinifuta."

Nikajaribu kumwambia kwamba nilitaka amani. Akaniita mwanawe kwa Kiha, akasema, "Mwana wanje, amani gani ambayo mwenyewe hajui anapatana na nani?"

Nililia, na watu wakadhani namlilia mama yangu, wakanipa pole. Nilikuwa nawalilia wote wawili, yeye na Mama Gwimo.

Umoja ulioukuta wewe ulipokua, huu unaoupenda, ulianza kwenye ndizi zile. Mama Gwimo alikubali kurudi, lakini akaleta desturi yake. Unaijua, lakini nadhani hujawahi kuambiwa imetoka wapi. Kila mtu aseme kwa lugha yake, na kabla hujamjibu mwenzako, kwanza umrudishie maneno yake. Umwambie, nimesikia umesema hivi na hivi. Mwenyewe akisema "ego", ndiyo, unaruhusiwa kujibu. Akisema sivyo, unarudia. Anayetafsiri akae nyuma ya msemaji, si mbele, ili watu watazamane wao kwa wao. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo Bi Tatu alilazimika kurudisha kwa kinywa chake mwenyewe, "Nimesikia umesema mimi nadhani jua linachomoza Kibirizi." Kisha akasema, "Na kweli hata mimi nimewahi kufikiri hivyo," na banda zima likaanguka kwa kicheko. Marehemu Bi Tatu alikuwa na moyo, Mungu amrehemu. Mashine tuliihamishia Simbo kabla ya masika, na siku tuliyoipakia alikuwa wa kwanza kuishika.

Tuligombana mwaka mzima. Sijawahi kusikia matusi ya adabu kama yale. Tuligombana kuhusu Ramadhani na vikao vya mchana, kuhusu nani apike na apike nini, kuhusu wa Simbo kutopenda kuanza mazungumzo kabla mgeni hajala na sisi kuona wanapoteza muda. Lakini mikungu ilikuja, dagaa wetu wakapanda kwao, na hakuna aliyeaga bila kujua mwenzake amekasirika kiasi gani. Nimejifunza kwamba watu wanaweza kuvumiliana hasira. Wasichovumilia ni kugundua baadaye kwamba walifichwa.

Na desturi hiyo, ambayo imetulea wote, Jumapili tuliiweka kando. Nani aliyesema tufupishe kwa sababu kuna wageni? Mimi. Nilimwona Mama Gwimo ananitazama niliposema hivyo. Nikasema tu tufupishe, wageni wamechoka. Kwa hiyo ulipolainisha maneno, ulikuwa unapita njia niliyokufyekea.

Nimeinuka tena. Maharage yameiva, nimeyaepua. Mkono unaniuma, na bado sijafika ninapokwenda.

Asubuhi, uliponiuliza nakwenda wapi nami nikakujibu kwa ukali kwamba begi lako limejaa upuuzi, nilikuwa nakwenda Simbo. Nilimkuta Mama Gwimo shambani, amekaa kwenye kivuli cha mchikichi anapumzisha goti lake. Sikungoja kukaa wala kula. Nikamwambia, "Maneno yako ya Jumapili hayakufika."

"Najua," akasema. "Nina masikio."

"Mtoto hakukusudia ubaya."

"Najua hilo pia. Nilikuwa namtazama mtoto mara moja, na wewe mara kumi. Nilikuwa nangoja ufungue kinywa. Safari hii nilijiambia, yule amejifunza, ataweka birika chini. Nikakuona unauliza habari za sukari."

Nikamwomba anisamehe. Akasema msamaha haumsaidii mtu atakayelala peke yake Kalemie. Nikamwambia nitampigia simu Mama Furaha jioni hii nimweleze kila kitu, nimalize. Akakataa. Alikataa kwa Kiha, kwa hiyo nikajua ni zito. Alisema maneno yake yalisemwa mbele ya watu na yarudiwe mbele ya watu, na aliyeyapunguza ndiye atakayeyajaza.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Kesho asubuhi wageni watakuwepo mwaloni Kibirizi, wanapanda boti moja na wewe. Mama Gwimo anakuja, na wenzake wa Simbo wanakuja, na wetu wa dagaa nimeshawapitia. Kabla mzigo wowote haujapanda, atasimama na kusema tena yale yale. Wewe utakaa nyuma yake, utayavusha yote, picha, mfadhili, sharti, jembe, na lile la kujitoa. Usiongeze tabasamu. Sauti ikitetemeka iache itetemeke. Kisha Mama Furaha ayarudishe kwa kinywa chake. Huenda akakasirika. Huenda akakuuliza kwa nini Jumapili ulisema mengine, na hapo utajibu kweli, mbele ya mama zako wote, na utaona aibu ambayo mimi niliikwepa kwa miaka. Huenda akasema sharti hili hatuliwezi, na boti ikaondoka bila wewe.

Huenda pia akasema ego kwa namna ya kwao. Sijui. Simjui vya kutosha kusema, na hilo ndilo hasa tulilokuwa tunalificha kwa makofi.

Najua utakachofikiria ukifika hapa. Utasema, mama, Kiha chako ni kizuri kuliko changu, na wewe ulikosea kabla yangu, kwa nini usitafsiri wewe? Nimejiuliza hilo njia nzima kutoka Simbo. Ningeweza. Ningesimama nyuma ya Mama Gwimo nikayasema yote, makali zaidi hata ya alivyoyasema, na kila mtu angesema nimetubu.

Lakini mimi nataka wakatae, Rehema. Nimeombea safari hii miaka yote, na tangu ulipoanza kupanga nguo naomba ivunjike. Kesho ulimi wangu si wa kuaminiwa, kwa sababu ningekuwa natafsiri ili ubaki. Tafsiri wewe.

Mama yako